Kujitolea nako ni kazi: barua ya mjomba wa Kibakwe

Nilikuwa kimya kidogo kwa sababu nilikwenda nyumbani Kibakwe kuwasalimia wazee. Kwa wasiopajua, Kibakwe ni tarafa ya wilaya ya Mpwapwa, mkoa wa Dodoma. Unatoka Mpwapwa mjini, unashuka hadi Gulwe unakovuka reli ya kati, halafu unaanza kukata kusini kuelekea milimani. Wakati wa masika Mto Kinyasungwe ukiamua kufura pale Gulwe, safari imekwisha, unalala njiani. Nilibahatika, kulikuwa kukavu.

Sikwenda kutafuta habari. Lakini mwandishi ni kama fundi saa, hata akiwa likizo akiona saa imesimama mikono inamuwasha. Habari ilinifuata mwenyewe, jioni, nikiwa nimekaa barazani kwa mjomba nakula karanga.

Binamu yangu, binti wa huyo mjomba, alimaliza shahada ya ualimu mwaka 2021. Tangu mwanzoni mwa 2022 anafundisha hisabati na fizikia katika shule moja ya kata huku huku milimani. Anafundisha kwa kujitolea. Mwajiri hana, mshahara hana. Wazazi wa wanafunzi huchanga wakampa kitu kidogo, na mwezi ambao vitunguu havijauzwa hapati chochote. Alikuja na laptopu yake akaniambia, "Kaka, wewe umezoea kuandika. Hebu nipitie sivii yangu, mwisho wa kutuma ni kesho usiku."

Nikapitia. Jina sawa, shule alizosoma sawa, wadhamini watatu sawa. Nikafika kwenye sehemu ya uzoefu wa kazi. Ameandika neno moja tu: Sina.

Nikamuuliza, "Na hii miaka yote unayoamka saa kumi na moja kwenda kufundisha, hii ni nini?"

Akacheka. "Ah, kaka. Hiyo si kazi. Najitolea tu."

Mjomba alikuwa kimya muda wote anachonga mpini wa jembe. Akasimama, akaingia ndani, akarudi na bahasha ya kaki iliyochakaa. Ndani yake kulikuwa na karatasi moja, imepigwa kwa taipureta, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Ilikuwa barua ya mwaka 1976 inayosema kwamba ndugu huyu amefundisha madarasa ya kisomo cha watu wazima kijijini kwa kujitolea tangu 1973, tabia yake ni njema, na kwamba anafaa kuchukuliwa mafunzo ya ualimu. Sahihi ya katibu wa tawi la TANU, na muhuri.

"Mjomba," akaniambia (sisi huitana hivyo hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba), "hii ndiyo iliyonipa kazi. Sikuwa na kingine. Cheti changu kilikuwa cha darasa la saba."

Ndugu msomaji, usiku ule sikulala vizuri. Baba alijitolea miaka mitatu, ikawa ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote. Binti amejitolea miaka zaidi ya mitatu, ana na shahada juu, lakini anaona aibu kuiandika. Kumetokea nini katikati hapa? Nimerudi mjini, nikaanza kufungua vitabu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanzie mbali kidogo. Karatasi inayoeleza kazi ulizofanya si kitu kigeni kwetu kama tunavyodhani. Babu zetu waliijua, na hawakuipenda. Iliitwa kipande. Kenya, kuanzia mwaka 1920, mwanamume wa Kiafrika alitakiwa kutembea na kipande chenye alama za vidole vyake, na ndani yake mwajiri aliandika ameanza kazi lini, ameacha lini, na analipwa kiasi gani. Wengi walikibeba ndani ya kibweta cha bati kilichoning'inia shingoni. Bila mwajiri wa zamani kutia sahihi kwamba umeruhusiwa kuondoka, huajiriwi kwingine, na unaweza kukamatwa kama mtoro. Huku kwetu Tanganyika, kwenye mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Hukamilishi siku, hulipwi. Watu wa Ugogo, ambako njaa haikuwa mgeni, walikwenda sana kwenye mashamba hayo.

Kwa hiyo karatasi ya kwanza ya kazi tuliyoijua haikuwa mali ya mfanyakazi. Ilikuwa mali ya bwana. Wewe ulikuwa unaibeba tu.

Na kazi ya bure pia tulikuwa nayo, ya aina mbili. Kulikuwa na ile ya kuitana. Mtu ana shamba kubwa, anapika pombe ya mtama, majirani wanakuja na majembe, jioni wanakunywa na kucheza ngoma, kesho zamu ya mwingine. Wenzetu wa Tanga na Kilimanjaro wana neno lao, msaragambo. Halafu kulikuwa na ile ya serikali ya mkoloni, ya kulima barabara na kubeba mizigo kwa amri ya jumbe. Zote hazikuwa na mshahara, lakini hakuna mzee aliyezichanganya. Ya kwanza ilirudi kwako, ya pili ilikwenda ikapotea.

Mnaona tofauti hiyo? Tuishike, maana tutaihitaji mbele.

Uhuru ulipokuja Desemba 1961, Mwalimu Nyerere na TANU walikuwa na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi. Miaka ile ya 1962 na 1963 nchi nzima iliingia katika kile kilichoitwa kujitolea: barabara, visima, madarasa, zahanati. Ukienda vijijini mpaka leo wazee watakuonyesha madarasa waliyoyafyatulia matofali. Neno lenyewe liangalie vizuri. Kujitoa, halafu ukaongeza ile "-lea", unajitoa kwa ajili ya kitu fulani. Halisemi lolote kuhusu fedha. Hii habari ya kwamba kujitolea maana yake ni kufanya kazi usiyolipwa tumeileta sisi baadaye.

Tarehe 10 Julai 1963 likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Mwanzoni vijana walijiunga kwa hiari, wengi wakitoka Umoja wa Vijana wa TANU. Ilipofika 1966 serikali ikaona hiari inawaleta watoto wa wakulima tu, wasomi wamekaa pembeni. Ikapeleka muswada: wahitimu wa chuo kikuu na wa elimu ya juu ya sekondari watumikie JKT kwa miaka miwili kwa lazima, na kwa muda wa miezi 18 wawe kazini mwao wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam wakawaka. Tarehe 22 Oktoba 1966 karibu 400 kati yao waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho yao mekundu na mabango. Bango moja lilidai hata ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akapandwa na hasira ambayo wazee wanaisimulia mpaka leo. Aliwafukuza chuo wote, wakasindikizwa makwao. Siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya vigogo wenzake ikafuata. Wengi wa wanafunzi wale walirudishwa baadaye. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha.

Sisi vijana wa leo tukisoma kisa hiki huwa tunachagua upande haraka haraka. Wengine wanasema wasomi walikuwa wachoyo, wengine wanasema Mwalimu alikuwa mkali mno. Mimi naona kitu kingine. Wale wanafunzi waliuliza swali halali, kwamba mnasema tujitolee, mbona mnatulazimisha? Na Mwalimu naye alikuwa na jibu halali: elimu yenu imelipiwa na mkulima ambaye hajawahi kupata mshahara hata siku moja, kwa hiyo ninyi mnalipa deni. Swali hilo la nani anamdai nani halijaisha mpaka leo. Limebadilisha nguo tu.

Sasa tufike kwa mjomba.

Mwaka 1967 takribani Watanzania wazima saba kati ya kumi hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka uliofuata TANU ikaazimia kufuta ujinga kabisa. Walimu watatoka wapi? Nchi haikuwa nao. Basi wakachukuliwa waliomaliza darasa la saba, maofisa wa vijiji, yeyote anayejua kusoma, wakapewa semina fupi na posho kidogo sana, wakaambiwa wakafundishe baba zao na mama zao chini ya mwembe. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Vikundi vilikaa kuizunguka redio, vikasikiliza, vikasoma kitabu, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, nao waliongozwa na makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi ambao hawakuwa waajiriwa wa mtu.

Huku Dodoma mambo hayo yalikuja pamoja na Operesheni Dodoma ya 1971, watu walipohamishwa kutoka kaya zilizotawanyika na kuwekwa katika vijiji vya pamoja. Mjomba anakumbuka hayo yote kwa pamoja, nyumba mpya zisizo na kivuli, mifugo iliyopotea, na yeye kijana wa miaka 18 ameshika chaki mbele ya wanaume waliomzaa. "Nilikuwa naogopa kumwambia mzee mzima amekosea," alinisimulia. "Nilikuwa nasema, shikamoo mzee, hii herufi yako imekaa vizuri lakini imegeukia nyuma."

Mwaka 1986 serikali ilitangaza kwamba wasiojua kusoma wamebaki asilimia 9.6. Unaweza kubishana na takwimu hiyo kadiri utakavyo, wataalamu wamebishana nayo. Huwezi kubisha kwamba kazi kubwa ilifanyika, na sehemu kubwa ya waliofanya kazi ile walikuwa watu wa aina ya mjomba.

Halafu ndipo likaja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio la Musoma linajulikana zaidi kwa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Lakini lilikuwa na kipengele kingine. Kijana akimaliza kidato cha sita, hapana kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Aende JKT, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, kisha alete barua kutoka kwa mwajiri na kutoka tawi la chama, zikieleza mwenendo wake na mchango wake kwa jamii. Alama za mtihani peke yake hazikutosha.

Tafakari kidogo. Nchi maskini ya Afrika, mwaka 1974, iliamua kwa sera ya taifa kwamba kile ulichowafanyia wenzako kihesabiwe pamoja na kile ulichojibu kwenye mtihani. Leo tunafundishwa na semina za ajira kwamba kuweka kazi za kujitolea kwenye sivii ni maarifa mapya kutoka Ulaya na Marekani!

Na UPE nayo ilihitaji walimu. Kuanzia katikati ya miaka ya 70 vijana wa darasa la saba walichukuliwa vijijini mwao, wakawa wanafundisha huku wakisoma kwa posta, kwa redio na kwa wakufunzi waliokuwa wakiwatembelea. Zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hiyo. Mjomba ni mmoja wao. Ndiyo, najua utani wake, kwamba UPE ilikuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Yeye mwenyewe anautania. Lakini nusu ya watu wazima wa kijiji hiki walijifunza a, e, i, o, u kwake.

Nisiwadanganye kwamba mfumo ule ulikuwa wa dhahabu. Barua ya tawi ilikuwa silaha. Ukikosana na katibu wa tawi, ukimnyima kuku, ukimtazama vibaya binti yake, barua haiji na chuo hukioni. Wasichana waliumia zaidi, kwani idadi yao chuo kikuu ilishuka mno, hata baada ya miaka michache wakaondolewa sharti la kufanya kazi kwanza. Katika miaka ya 80 sharti lenyewe likalegezwa kwa wote. Tukumbuke kipande. Karatasi yoyote inayomfungulia mtu mlango, yule anayeitia sahihi huwa anageuka kuwa bawabu.

Pamoja na hayo, mfumo ule ulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukiona kwenye vitabu, nilikiona barazani. Nilimuuliza mjomba aliishije miaka mitatu bila mshahara. Alinishangaa.

"Nani alikuambia niliishi bure? Kijiji kilinilimia ekari moja kila mwaka. Wanafunzi wangu, wale wazee, walikuja na majembe. Ugonjwa ukinipata, walinibeba kwa machela hadi zahanati. Mimi nilitoa, na wao walitoa."

Mnaikumbuka ile tofauti ya mwanzo? Kazi iliyorudi na kazi iliyopotea. Kujitolea kwa mjomba kulikuwa kwa kurudi. Kijiji kilirudisha kwa jembe, chama kilirudisha kwa barua, serikali ilirudisha kwa ajira.

Basi nini kilikatika? Miaka ya 80 uchumi ulianguka, na 1986 tukasaini masharti ya IMF. Hadi hapo mhitimu wa chuo hakuhitaji sivii. Serikali ilimpangia kazi. Ulipata barua inayosema ripoti Lindi, unafunga sanduku unakwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 90 mpango huo ukafa, wafanyakazi wa umma wakapunguzwa, na kijana kwa mara ya kwanza akaambiwa ajiuze mwenyewe kwa karatasi. Mwaka 1994 JKT ya lazima ikasimamishwa (ilirudishwa 2013). Wakati huo huo mashirika yasiyo ya kiserikali yakaota kama uyoga. Mashirika hayo yakaja na maana mpya ya neno letu. "Mtu wa kujitolea" akawa yule kijana mwenye fulana ya mradi anayelipwa nauli na soda. Na semina zikaja na posho. Kidogo kidogo tukaanza kuwa na aina mbili za watu, wanaojitolea kwa posho wakaonekana wajanja, wanaojitolea bila posho wakaonekana waliokosa pa kwenda.

Hapo ndipo binamu yangu alipozaliwa na kukulia. Ndiyo maana anaandika "Sina".

Sasa linganisha na wageni wetu. Kikosi cha kwanza cha Peace Corps kiliingia Tanganyika mwaka huo huo wa uhuru, 1961. Wapimaji na wahandisi. Waliondoka 1969 siasa zilipochafuka, wakarudi miaka kumi baadaye, na mpaka leo utamkuta kijana wa Kimarekani anafundisha fizikia sekondari ya kijijini. Siwasemi vibaya, wengine walinifundisha mimi. Lakini angalia wanavyotunzwa na nchi yao. Mwaka 1963 Rais Kennedy alitia sahihi amri kwamba anayemaliza utumishi wake wa Peace Corps aweze kuajiriwa katika serikali kuu ya Marekani bila kupitia ushindani wa kawaida, kwa mwaka mmoja baada ya kurudi. Na kila mmoja anapewa hati rasmi inayoeleza alifanya nini, wapi, kwa muda gani.

Walimu wawili, ofisi moja, chaki kutoka boksi moja. Mmoja akirudi kwao miaka yake miwili ni mlango. Mwingine miaka yake mitatu ni "najitolea tu".

Huku kwetu nafasi ni finyu, si siri. Usaili wa walimu uliofanyika mapema 2025 ulikuwa na waombaji zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Walimu wasio na ajira walifikia hatua ya kuunda umoja wao, NETO. Bungeni wabunge wameuliza mara nyingi kwa nini wanaojitolea wasipewe kipaumbele. Na kwa wanaopenda mambo ya kwetu, kati ya 2023 na 2025 waziri mwenye dhamana ya utumishi wa umma alikuwa George Simbachawene, ambaye ni mbunge wa hapa hapa Kibakwe. Watu wa jimbo lake walikuwa na hoja hii mlangoni mwao kabisa.

Kuna hoja ya upande wa pili na ni lazima niiseme. Ukimpa kipaumbele aliyejitolea, unampa kipaumbele aliyeweza kujitolea. Mwenye baba wa kumlisha. Yule ambaye baada ya chuo ilibidi aendeshe bodaboda ili wadogo zake wale, yeye atakosa mara mbili. Tena shule ikishazoea walimu wa bure, nani atakumbuka kuomba walimu wa mshahara? Hoja hizi ni za kweli. Sina jibu la kuzimaliza. Ninachokiona ni kwamba zote zinatokana na jambo lile lile, kujitolea ambako upande mmoja tu ndio unatoa.

Mimi mwenyewe nilipita huko. Nilianza uandishi katika chumba cha habari ambacho sitakitaja. Nilikaa miezi 14 naleta habari, nyingine ukurasa wa mbele, natembea kwa miguu kutoka mahakamani kuokoa nauli. Nilipopata nafasi ya kuomba kazi kwingine nikaomba barua fupi tu ya kuthibitisha. Nikajibiwa kwamba kwa kuwa sikuwa mwajiriwa, hawana kumbukumbu yangu. Habari zangu zilikuwa kwenye magazeti waliyoyauza! Nilikwenda na vipande vya magazeti nimevibandika kwenye daftari, hiyo ndiyo ikawa sivii yangu. Nilifanikiwa kwa sababu kazi yetu huacha karatasi. Kazi ya mwalimu huacha nini? Huacha watoto wanaojua hesabu, na hao huwezi kuwaambatisha kwenye maombi.

Turudi barazani. Asubuhi ile ya mwisho wa kutuma, mimi na binamu tulikaa tukafuta lile neno "Sina". Nilimwambia aandike kama anavyoandika mwandishi wa habari: nani, wapi, lini, nini, kwa kiasi gani, na nani anathibitisha. Ikawa hivi:

Mwalimu wa kujitolea, hisabati na fizikia, shule ya sekondari ya kata, tarafa ya Kibakwe. Februari 2022 hadi sasa. Kufundisha kidato cha kwanza hadi cha nne, vipindi 26 kwa wiki. Kuanzisha masomo ya jioni kwa kidato cha nne. Kutunza kumbukumbu za mitihani ya majaribio. Mthibitishaji: mkuu wa shule.

Mistari mitano. Alipoisoma kwa sauti alinyamaza, akasema, "Kaka, kumbe nimefanya kazi."

Alitaka kuongeza kwamba alikuwa mkuu wa idara ya sayansi. Nikamuuliza kama kuna barua ya uteuzi. Hakuna, ila ndiye mwalimu pekee wa sayansi. Tukaliacha. Usiandike usichoweza kukithibitisha, maana uwongo mmoja kwenye sivii huufanya na ukweli wote uliobaki utiliwe shaka. Tena tunajua vijana wanaonunua barua za kujitolea mjini, muhuri na kila kitu. Hao ndio wanaowaharibia wa kweli.

Kisha tukapanda pikipiki kwenda kwa mkuu wa shule. Naye alikuwa na wasiwasi, anaogopa kuandika barua ikaonekana ameajiri kienyeji. Mjomba, ambaye alisisitiza kuja, akatoa ile bahasha yake ya kaki. Hakusema maneno mengi. "Mwalimu, mimi niliandikiwa hii. Nimefundisha miaka 30 kwa sababu mtu aliweka sahihi." Mkuu wa shule aliisoma mara mbili. Kumbe baba yake naye alisoma kisomo kijiji cha pili. Barua ikaandikwa saa ile ile, ikapigwa muhuri.

Tulituma saa mbili usiku, tukiwa tumesimama kilimani ambako mtandao unashika. Bado tunasubiri. Inawezekana asipate, waombaji ni wengi na sivii nzuri haiongezi nafasi. Jumatatu yake alikwenda kufundisha kama kawaida.

Ombi langu kwako unayesoma hapa ni dogo. Kama umejitolea mahali, iwe shule, zahanati, redio ya jamii au kikundi cha kanisa au msikiti, omba barua yako leo, kabla mkuu hajahamishwa na kabla kumbukumbu hazijaliwa na mchwa. Na kama wewe ndiye bosi uliyefanyiwa kazi bure na mtoto wa mtu, angalau andika. Kijiji cha mjomba kililima ekari moja. Karatasi moja itakushinda?